Zizi Lililohesabiwa

Area D, Dodoma
2 Novemba 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa. Mimi sijambo, ila kichwa kimepata moto tangu Ijumaa na sijui nianzie wapi.

Nianzie hapa: ile kampuni ya bima niliyoingia mwezi wa tano inataka kunipeleka Uingereza kusoma. Sasa kwa kuwa serikali imeruhusu watu binafsi kufanya bima, kila anayesubiri leseni anamtafuta mtu wa takwimu bima, na hawapatikani. Kazi ya mtu huyo ni kupima hatari. Nyumba ngapi zitaungua, watu wangapi watafariki kabla ya kustaafu, ili wote wachange kidogo na atakayepatwa asiumbuke. Najua utasema kuhesabu vifo vya watu si jambo la kumwandikia mzazi. Nisamehe, ndiyo kazi yenyewe.

Tatizo ni kwamba digrii yangu ni ya elimu ya jamii, si ya hesabu. Kwa mtu kama mimi chuo kina njia mbili. Njia fupi ni mwaka mmoja, unaingia moja kwa moja kwenye shahada ya uzamili pamoja na wanahesabu. Njia ndefu ni miwili: mwaka wa kwanza wanakupika hesabu tupu, wa pili ndiyo shahada. Niliwaandikia kuuliza, wakanijibu bila kuficha kwamba katika njia fupi, wanaokuja bila hesabu nusu yao huanguka. Katika ndefu huanguka mmoja mmoja tu.

Meneja anataka fupi. Nikichukua ndefu hatanizuia, lakini kiti cha mkuu wa kitengo atapewa Geofrey, yule mwenye digrii ya hesabu, na mimi nitakuwa chini yake. Baba, Geofrey hajui hata kumkaribisha mteja akae. Mimi nataka fupi.

Kuna sharti moja. Kampuni inataka mdhamini mwenye mali. Nikifeli, mali yake ndiyo itafidia gharama zote. Sina mwingine ila wewe. Ukikubali, Bwana Abbasi wa ofisini kwetu atakuja na treni kuwaona ng'ombe. Ni mtu mwema. Kuku mwache achinje mwenyewe, ni Mwislamu.

Chuo kinataka jibu langu kabla Februari haijaisha.

Mwanao,
Elieth


Bahi
16 Novemba 1997

Mwanangu Elieth,

Marahaba. Mguu upo. Mvua imeanza mapema na haijui kupumzika. Mbuga imejaa maji, vijana wanavua kambare pale tulipotarajia kupanda mpunga.

Mtu wako alikuja. Kuku alichinja, akala vizuri, mlenda akauogopa. Halafu akasimama mlangoni mwa zizi na kalamu, akawa ananyoosha kidole na kuhesabu. Baba yangu hakuwahi kumnyooshea ng'ombe kidole, wala mimi. Sisi tunawajua kwa sura, na asiyekuwepo tunamwona kwamba hayupo. Lakini nilinyamaza kwa ajili yako. Alipomaliza akanipa karatasi, nikatia saini.

Soma. Usichague njia kwa kuogopa.

Ni mimi baba yako,
Petro Chilongani


Area D, Dodoma
30 Novemba 1997

Dada Restuta,

Shikamoo dada. Shemeji na watoto hawajambo huko Kibakwe? Shule imefungwa au bado unawachapa watoto wa watu?

Dada, nakwenda! Baba amesaini. Bwana Abbasi amerudi kutoka Bahi viatu vikiwa vimejaa tope, uso umekunjuka, akaniambia mbele ya ofisi nzima: "Mzee wako ni tajiri, mbona wewe unatembelea baiskeli?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Inaelekea Baba alishawarudisha nyumbani wale ng'ombe wake waliokuwa huko kwenu milimani, maana Abbasi anasema zizi limefurika na dhamana imezidi hata walivyotaka.

Nimekwisha kuamua moyoni: njia fupi. Najua utanikumbusha kwamba hesabu nilizikimbia kidato cha nne. Nimenunua vitabu, nasoma kila siku nikitoka kazini, na kuna kurasa ninazielewa kabisa. Kuna nyingine nazitazama nazo zinanitazama. Wanasema nusu huanguka, lakini nusu nyingine si hupita? Kwa nini nisiwe huko?

Nikiikosa nafasi hii nitakaa chini ya Geofrey mpaka nizeeke. Sitaki, dada. Kwa mara ya kwanza nimekitaka kitu mpaka usingizi umenipaa. Jibu sitalipeleka chuoni mpaka Januari, basi niombee.

Mdogo wako,
Elieth


Kibakwe
13 Desemba 1997

Mdogo wangu Elieth,

Marahaba. Watoto wazima, shemeji yako mzima, milima inaporomoka kwa mvua. Nimesoma barua yako nikakaa chini.

Ng'ombe wa Baba hawajarudi Bahi. Wapo hapa. Jana jioni nimewapita wakinywa maji kwa mzee Silvano, yule fahali mwenye pembe iliyovunjika akiwa mbele yao.

Wewe ulikulia kwa shangazi mjini, hukuyaona haya kila siku kama mimi, lakini hukosi kuyajua. Baba na mzee Silvano wamewekeana ng'ombe tangu hujazaliwa. Wa Baba wanalishwa huku milimani, wa Silvano wanalishwa Bahi kwenye majani ya mbuga na chumvi yake. Homa ikipiga huku, wa kule wanapona. Ukame ukipiga kule, wa huku wanapona. Hakuna anayebaki mikono mitupu. Na nani ana wangapi ni siri yao wawili. Hata mama hakuambiwa mpaka anaingia kaburini.

Sasa piga picha. Abbasi wako amesimama pale mlangoni, amehesabu kila chenye pembe, ameandika vyote ni vya Petro Chilongani. Elieth, katika lile zizi wa Baba ni wachache sana. Wengine wote ni wa mzee Silvano. Yeye hana habari. Jana amenipa maziwa, ananiuliza mdogo wako anakwenda lini Ulaya.

Ukianguka kwenye hiyo njia yako fupi, kampuni itakwenda Bahi kuchukua ng'ombe wa mtu ambaye hajatia saini popote. Chagua ndefu. Au mwambie Baba aseme ukweli. Mimi naogopa hata kulala.

Dada yako,
Restuta


Area D, Dodoma
20 Desemba 1997

Baba,

Shikamoo.

Nimeandikiwa na dada. Sitazunguka. Ng'ombe waliohesabiwa ni wa nani?

Kama ni wa baba mkubwa Silvano, kwa nini ulisaini? Mimi nimekaa hapa nikipima kuanguka kwangu kama mtu anayecheza na shilingi yake mwenyewe, kumbe nimeshika ya mtu mwingine na hajui kama ninayo. Nimekasirika, Baba. Nina aibu pia, maana mimi ndiye niliyemleta Abbasi nyumbani kwetu.

Maisha yako yote umekataa kuweka ng'ombe wote zizi moja. Nimekua nikisikia hivyo. Sasa umewaweka wote, wako na wa rafiki yako, katika zizi moja, na zizi hilo ni mimi. Na mlango wake ni mtihani wa hesabu.

Naomba nikamwambie meneja kwamba kulikuwa na makosa katika kuhesabu. Nijibu upesi, treni ya Jumatano inapita hapo.

Elieth


Bahi
4 Januari 1998

Elieth,

Marahaba.

Umeniandikia kama karani anavyomwandikia mdaiwa. Sawa. Nitakujibu.

Ni wa Silvano. Ulitaka nifanyeje? Nisimame mbele ya mgeni mwenye kalamu, majirani wamejaa wanasikiliza, niseme huyu wa Silvano, na huyu wa Silvano, na yule pale? Kesho yake mtoza kodi angejua, mwizi angejua, na wakwe zake Silvano wanaomlilia kila mwaka wangejua. Silvano alinipa ng'ombe na siri yake pamoja. Huwezi kurudisha kimoja ukabaki salama. Mtu wako hakuniuliza wa nani. Aliuliza, "Mzee, hili ndilo zizi lako?" Nikasema ndilo, na ni kweli.

Nilidhani nitapata muda wa kuiweka sawa kabla hakijatokea kitu. Bado ninao. Nitakwenda Kibakwe mwenyewe, nitawatoa ng'ombe wangu wote kule, nitawaleta hapa. Wakishafika, Silvano atawachukua wake taratibu, na zizi litajaa wangu. Hapo ile karatasi itakuwa kweli, na hakuna aliyevuliwa nguo.

Ofisini usiende. Ukienda, mimi si mdhamini tena, ni mwongo mwenye mvi. Na Silvano nitamweleza mwenyewe siku yake ikifika, si wewe wala Restuta.

Maji yamefika kwenye miiba ya chini ya boma. Paa la udongo la tembe letu linavuja pembe moja. Si kitu, huwa yanarudi.

Wewe soma hesabu zako.

Petro Chilongani


Area D, Dodoma
19 Januari 1998

Baba yangu,

Shikamoo. Kwanza naomba unisamehe kwa maneno ya barua ile. Nilikuandikia kwa hasira na ukaiona.

Usiende Kibakwe. Nakuomba kwa kila ninachoweza kukuomba. Mvua hizi watu wa hali ya hewa wanazisema redioni kila siku, hazijaonekana miaka mingi. Ukikusanya ng'ombe wako wote ukawaleta mbugani mwaka huu, utakuwa umefanya lile ambalo hukulifanya maisha yako yote, na utalifanya kwa ajili yangu. Sitaweza kulibeba.

Wala hakuna haja tena. Jana nimepeleka jibu chuoni: nimechagua njia ndefu. Nimelia kidogo, lakini nimelipeleka. Nilikaa na vitabu vyangu nikajaribu kufanya kwa mara ya kwanza ile kazi ninayokwenda kuisomea. Nikajiuliza swali moja tu, nikianguka nani anaumia? Kama ningekuwa mimi peke yangu ningechukua fupi mpaka kesho. Nusu kwa nusu, ningejaribu. Ila anayeumia ni mzee wa Kibakwe anayempa dada yangu maziwa. Hapo hesabu ilikuwa rahisi.

Meneja nimemwambia naogopa hesabu, basi. Silvano sikumtaja, wala wewe. Amesema kiti ni cha Geofrey. Geofrey amenipa mkono, akaniita "dada yangu" kwa sauti iliyonifanya nitamani kumpiga kofi.

Miaka miwili ya njia ndefu siiogopi. Nitapita, Baba. Dhamana ibaki kama ilivyo, hakuna atakayekuja kuidai. Waache ng'ombe wako walipo, waache wa baba mkubwa walipo. Kama maji yanapanda, uwahamishie juu hao waliopo, na wewe mwenyewe uhame.

Nakusubiri unijibu kwamba hujatoka.

Mwanao,
Elieth


SIMU YA MAANDISHI
POSTA DODOMA KWENDA POSTA MPWAPWA, IPELEKWE KIBAKWE
2 FEBRUARI 1998

MWALIMU RESTUTA. RELI IMEKATIKA BARUA YANGU KWA BABA IMERUDI LEO. NIMECHAGUA NDEFU YEYE HAJUI. AKIFIKA HUKO MZUIE. ASITOKE NA NGOMBE. ELIETH


Kibakwe
11 Februari 1998

Mdogo wangu,

Simu yako ililala Mpwapwa kwa sababu daraja limechukuliwa na maji. Imeletwa leo na mtu wa lori la maharage, karatasi imelowa mpaka nimeisoma kwa kuibashiri. Wamekwisha kuondoka tangu Jumatatu.

Baba alifika wiki iliyopita, sehemu kwa lori na sehemu kwa ule mguu wake. Hakula kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee Silvano akasema, "Nimewafuata wangu." Hakueleza zaidi, na mzee hakuuliza, kwani wao hawaulizani. Nilimvuta Baba pembeni nikamwambia mvua hizi si za kuswaga ng'ombe, na kwamba wewe pengine ungeikubali njia ndefu kama ungebembelezwa. Akanijibu, "Asibembelezwe. Mimi nimeshahesabiwa."

Elieth, ungeniandikia mimi pia ile siku uliyoamua! Au ningekubembeleza mimi mapema. Sijui. Nazunguka na hili tangu asubuhi.

Mzee Silvano amekwenda naye. Alisema hawezi kumwacha mtu mwenye mguu ule na kundi lote lile peke yake njiani. Kwa hiyo wanatembea pamoja, mmoja anajua kwa nini na mwingine hajui.

Watapita karibu na Dodoma. Katika siku hizi tatu nne nenda barabara ya kusini ukawaangalie. Ukimwona mwambie.

Restuta


Bahi
8 Machi 1998

Kwa mwanangu Elieth,

Mbukwa, nakusalimu. Baba yako ni mzima. Nimeanza na hilo ili mengine uyasome ukiwa umetulia.

Mimi si mtu wa kuandika barua. Hii nimeiandika kwa mkono wangu kwa sababu yaliyomo sikutaka mwingine ayasikie. Treni bado, nampa mtu anayekuja huko kwa miguu.

Tulitoka Kibakwe na ng'ombe wake wote. Tulipokaribia Dodoma nikamwambia, tuwaache hawa na vijana, tuingie mjini tumsalimie mtoto. Alikataa. Alisema akikuona utamzuia, na kukukatalia uso kwa uso hawezi. Tukapita mbali, kwenye vichaka. Sikuelewa, ila sikumbishia.

Tulipofika Kigwe watu wakatuzuia. Walisema mbuga imevunja kingo. Tukawaacha ng'ombe pale juu kwa jamaa, tukaendelea sisi wawili, tukishikana mikono kwenye maji. Zizi halikuwepo. Palikuwa na maji yenye miiba inayoelea. Tembe limelala chini na udongo wake. Jirani aliyeachiwa kuwatazama alijaribu kuwafungulia, akatoa wachache, wengine wakakimbilia upande wa mbuga. Hao waliokimbilia huko ni wangu. Wa baba yako karibu wote wamepona, kwa kuwa walikuwa njiani.

Baba yako alikaa chini kwenye tope. Ndipo akaniambia. Abbasi, kalamu, saini, wewe, njia zako mbili, ile nusu inayoanguka. Yote.

Sasa nisikilize. Ng'ombe akifa kwa maji katika zizi la rafiki, hakuna anayemdai mwenzake. Mwaka wa homa wa kwake walifia kwangu, nikampelekea ngozi, akazipokea, yakaisha. Kwa hiyo sidai. Lakini safari hii mlinzi hakuwepo zizini, na hakuwepo kwa sababu ya neno alilonificha mimi. Angalinijia Novemba akasema, "Silvano, mgeni amewahesabu wako kwa jina langu, kwa ajili ya mtoto," ningalisema waache wahesabike. Yeye akaona ananiheshimu. Ameniheshimu mpaka ameniumiza. Tunakula sahani moja hapa kwa watu na hatuzungumzi.

Wewe sikuhukumu. Ulimwita mgeni aje aone mali ya baba yako, na hilo si kosa. Kwa hiyo mwambie huyo Abbasi kwamba zizi alilolihesabu limekwenda na maji, na aje Kibakwe, nikudhamini pamoja na baba yako. Nitasimama mwenyewe mlangoni mwa zizi langu, nitamwonyesha mmoja mmoja, hawa wangu, hawa wa Petro. Majirani watasikia nina nini. Wasikie. Nimechoka na siri.

Sharti langu ni moja. Chukua ile njia ndefu. Nusu ya ng'ombe wangu imekwisha kwenda. Sichezi na nusu iliyobaki.

Ni mimi,
Silvano Mazoya


Area D, Dodoma
15 Machi 1998

Dada Restuta,

Shikamoo. Nakutumia barua ya baba mkubwa uisome mwenyewe. Mimi nimeisoma nikiwa nimesimama nje ya ofisi na nikashindwa kuingia.

Nilikwenda barabara ya kusini. Nilikwenda kila jioni baada ya kazi, nikiuliza kila mwenye fimbo. Dada, walikuwa kwenye vichaka. Alinikwepa ili nisimzuie, na mimi nilichokuwa nacho ni neno moja tu la kumpa.

Ile barua iliyorudi ninayo. Ina alama ya stesheni na tope. Baba hajui kwamba nilikuwa nimeshachagua kabla hajafunga viatu. Anadhani alikwenda kwa sababu ilibidi. Nikimwambia, atajua kwamba alikwenda bure, na ng'ombe wa rafiki yake wamekufa bure. Ana miaka mingapi ya kuishi na hilo? Hicho ndicho kitu kimoja ambacho sitaki kukipima.

Sitamwambia. Na wewe pia usimwambie, nakuomba. Nimejifunza kwao wawili hapa jinsi neno lililofichwa linavyoua, najua, na bado nalificha. Nichukie ukitaka.

Meneja nimemweleza yote sasa, kwa ruhusa ya baba mkubwa. Abbasi atapanda huko baada ya Pasaka. Alikuwa anashika kichwa, anasema, "Niliuliza zizi la nani, sikuuliza ng'ombe wa nani." Mwandalieni kuku hai.

Elieth


Area D, Dodoma
22 Machi 1998

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Baba mkubwa Silvano ameniandikia, nimejua yote. Pole. Pole kwa tembe, pole kwa zizi, pole kwa njia uliyotembea na mguu ule. Natamani ningekuwepo nikushike upande mmoja.

Nimechagua njia ndefu. Chuo kimekubali, naondoka mwezi wa tisa. Kiti ni cha Geofrey na nimekwisha kuzoea, hata nimemfundisha kumkaribisha mteja akae. Baba mkubwa amekubali kunidhamini pamoja na wewe, na safari hii Abbasi atauliza kila ng'ombe ni wa nani.

Pasaka nitakuja nikusaidie kujenga, juu kidogo, mbali na mbuga. Nitaleta mabati, tembe tuliache.

Usijilaumu. Ulifanya ulichoona lazima ukifanye.

Mwanao anayekupenda,
Elieth


Bahi
5 Aprili 1998

Mwanangu Elieth,

Marahaba.

Mabati usilete, yanapiga kelele. Njoo wewe.

Jumapili, baada ya ibada, Silvano alinisalimia. Alisema mbukwa, nikaitikia. Hatukuongeza kitu, lakini tulitembea njia moja mpaka nyumbani. Kesho anarudi Kibakwe na kundi lililokuwa Kigwe. Sehemu ya kundi lile si yangu tena, ni yake. Sehemu gani, sisi wawili tunajua. Mwambie Abbasi akifika amuulize Silvano, ndiye mwenye ruhusa ya kusema.

Treni imeanza kupita. Mkuu wa stesheni amerudi kazini, akaniita jana kunipa pole. Akaniambia mwezi wa kwanza kulikuwa na barua yangu kutoka kwako, ikafika Kigwe, ikakosa njia, wakairudisha Dodoma. Aliikumbuka kwa sababu uliandika juu yake "haraka sana" na kupiga mstari.

Halafu nikaisoma tena hii yako ya juzi. Wewe ni mtoto wa tarehe. Tangu darasa la tatu ukila embe unaniandikia umekula siku gani. Humu unasema umechagua njia ndefu, na hukusema lini.

Nimekaa na barua yako magotini mpaka ng'ombe wa jirani wakarudi. Nilimnyima Silvano neno nikidhani namhifadhi, na sasa naona mwanangu ananifanyia vile vile. Inauma. Ila yeye alikuwa na haki ya kulijua lile, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wake. Hili ni langu mwenyewe, nami nakuruhusu kulishika.

Ile barua usiichome, wala usinisomee. Nenda nayo huko unakokwenda kusoma.

Baba yako,
Petro Chilongani